Namba 38, na soda aliyoikataa Baba

Kwa miaka 17 nyumba yetu hapa Arua, Uganda, iliogopa jambo moja tu kuhusu ugonjwa wa Baba, nalo ni sukari kupanda. Tulificha asali, tulimtengea chai isiyo na sukari katika chupa yake mwenyewe, na wageni walioleta biskuti walishukuriwa, kisha biskuti zikapelekwa kwa watoto wa jirani. Hakuna aliyetuambia, au kama tuliambiwa basi hatukusikia, kwamba mtu wa umri wake anayemeza vidonge vya kisukari anaweza kupoteza maisha kwa sababu sukari imeshuka, tena kwa muda wa saa chache, ilhali sukari inayopanda kwa kawaida huchukua siku nyingi kumwangusha mtu mzima. Naandika haya kwa ajili ya wanaoishi na mzazi mzee mwenye kisukari, kwa sababu nusura tumuue Baba kwa mikono yetu wenyewe, tukiamini kwamba tunamtibu.

Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alipakia Mombasa, akavuka mpaka pale Malaba, akapita Kampala na Karuma, akavuka Nile kwenye daraja la Pakwach na kufika nyumbani akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Ndiyo maana Kiswahili ndicho lugha ya nyumba yetu, ingawa marehemu Mama alikuwa Mlugbara na sokoni tunaongea Kilugbara kama watu wengine.

Mwezi wa nane mwaka 2023, yapata saa kumi alfajiri, nilimsikia akisema kwa sauti ya mtu anayeita kutoka dirisha la gari: "Tumeshavuka Karuma? Kaza turubai, mvua inakuja." Mvua haikuwapo, na lori lake aliliuza zamani. Nilipowasha taa nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, macho yakinitazama bila kunitambua. Kanzu yake ya kulalia ilikuwa imelowa mgongoni na kwapani kana kwamba imetolewa kwenye beseni. Nilimshika shingoni nikitarajia joto la homa, nikakuta ngozi ya baridi na yenye utelezi. Mikono yake haikutetemeka, wala moyo wake haukwenda mbio, jambo ambalo sababu yake nilielezwa baadaye.

Kaka yangu alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Shangazi alisema ni kiharusi, akamshika kidevu kutazama kama mdomo umepinda. Kipima sukari chetu kilikuwa kimekaa miezi miwili bila vijiti, kwa hiyo mtoto alitumwa kwa jirani yetu, mkunga mstaafu ambaye naye anaishi na kisukari, akarudi na mashine yake. Tukamchoma Baba kidole. Namba iliyotokea ilikuwa 38.

Tuliozoea mashine yetu tulikuwa tumeona 8, tumeona 11, na mara moja, baada ya Idi, tuliona 19 na kukosa usingizi. "Thelathini na nane!" kaka akasema, "sukari imelipuka," naye akanyoosha mkono kuchukua kopo la vidonge. Mimi nilikuwa tayari nimeshika kikombe cha maji. Hapo mkunga akaingia, kanga imetupwa begani, akaitazama ile mashine, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu hadi maji yakamwagika. "Mashine yangu haihesabu kama yenu," alisema. "Hiyo ni mbili na kidogo. Mkimpa hicho kidonge mtamzika."

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa kuwa kosa hili linaweza kutokea katika nyumba yoyote. Vipima sukari vilivyomo mikononi mwa watu vinahesabu kwa mizani mbili. Vingine husoma milimoli kwa lita, na kwa mizani hiyo mtu mwenye afya asubuhi kabla ya kula huwa na kama 4 hadi 5 na nusu. Vingine husoma miligramu kwa desilita, na mtu huyohuyo ataonekana ana 70 hadi 100. Ukitaka kuhamisha namba ya mizani ya pili kuipeleka kwenye ya kwanza, unaigawanya kwa 18. Kwa hiyo ile 38 ya Baba ilikuwa 2.1. Madaktari huanza kuiita sukari iliyoshuka inapokuwa chini ya 4, yaani takriban 70 kwa mizani nyingine, na ikifika chini ya 3, yaani 54, ubongo umeshaanza kukosa chakula chake. Ubongo hutegemea glukosi, yaani sukari, inayoletwa na damu wakati wote na akiba yake ni ndogo sana, ndiyo sababu mtu huchanganyikiwa kabla hata hajaanguka. Andikeni kwa kalamu ya wino juu ya mashine ya nyumbani ni mizani gani inayotumia. Sisi tumeandika kwenye plasta na kuibandika nyuma yake.

Mkunga aliagiza soda, ile ya kawaida yenye sukari. Tulipoipeleka mdomoni, Baba aliukaza mdomo na kugeuza uso. "Mnataka kuniua?" alisema. "Daktari amekataza." Katikati ya uchanganyikiwaji ule, akiwa hajui kama yuko Arua au Malaba, somo moja lilikuwa bado limesimama kichwani mwake: sukari ni sumu. Ni sisi tuliomfundisha, kwa miaka 17. Kila ninapolikumbuka tendo lile la kugeuza uso naumia, kwa sababu alikuwa mtiifu kwetu hadi mahali ambapo utii ungemuua. Mkunga akainama karibu na sikio lake na kusema polepole, kama utingo anayezungumza na dereva wake: "Dereva, hii ni ya safari. Kunywa tuondoke." Akanywa nusu chupa.

Tulingoja dakika 15, ambazo ni ndefu kuliko zinavyosikika, kisha tukapima tena: 61. Tukampa nusu iliyobaki, tukangoja tena, ikawa 88. Hapo alituangalia mmoja mmoja na kuuliza kwa utulivu kwa nini watu wote wamejaa chumbani mwake. Tukamlisha mkate na uji, maana sukari ya soda hupita upesi na inahitaji kufuatwa na chakula kinachokaa tumboni.

Laiti yangeishia hapo. Kulipokucha tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha tiba ambako alitundikiwa dripu ya dekstrosi, yaani maji yenye sukari, sukari ikapanda hadi 9 kwa mizani ya milimoli, na saa nne asubuhi tukaambiwa turudi nyumbani, mzee amepona. Mkunga alitukataza kumpa kidonge kingine chochote siku hiyo, nasi tukamtii. Hata hivyo, wakati wa magharibi nilimkuta Baba amelala huku macho yakiwa nusu wazi, akikoroma kwa namna isiyo yake, na nilipomwita hakujibu. Mashine ilisoma 47, yaani 2.6. Safari hii hatukumtia kitu chochote mdomoni, kwa sababu mtu asiyejitambua hawezi kumeza, na soda ambayo alfajiri ilimwokoa ingeingia mapafuni na kumkaba. Tulimlaza kwa ubavu, jirani akatoa gari, tukaenda hospitali kubwa. Alilazwa usiku mbili, na usiku wa kwanza sukari ilishuka tena ingawa dripu ilikuwa inaingia.

Daktari kijana aliyemhudumia alivuta stuli na kuketi nasi, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Juzi usiku Mzee alikula nini?" Hakuna aliyejua, ila mimi. Nilikumbuka kwamba nilikuwa nimeondoa sahani yake na kuifunika, samaki na ugali wa muhogo vyote vikiwa havijaguswa, nikidhani atakula asubuhi. Tangu Mama afariki, Baba alikuwa anakula kidogo, na meno yaliyobaki hayamsaidii. Lakini vidonge alikuwa akivimeza saa moja usiku bila kukosa, kwa nidhamu ya mtu aliyeishi kwa ratiba ya barabara.

Kidonge chenyewe kiliitwa glibenklamidi. Kazi yake ni kuilazimisha kongosho itoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, nacho hufanya hivyo hata kama mtu hakula, kwa kuwa kidonge hakijui kama kuna ugali tumboni au hakuna. Mabaki yake, ambayo bado yana nguvu ya kushusha sukari, hutolewa mwilini kwa kiasi kikubwa na figo. Figo za Baba zilipopimwa zilionekana zimechoka, bila dalili yoyote tuliyoiona kwa macho, na kwa hiyo dawa ya jana ilikuwa ikijumlishwa na ya leo. Figo zilizochoka pia huchelewa kuiondoa insulini, na hupungukiwa na uwezo wao wa kusaidia kutengeneza glukosi wakati wa njaa. Hii ndiyo sababu alianguka mara ya pili bila kumeza kidonge kingine, na ndiyo sababu mgonjwa ambaye sukari yake imeshushwa na vidonge vya aina hii hapaswi kurudishwa nyumbani baada ya chupa moja ya dripu. Anatakiwa aangaliwe kwa saa 24 au zaidi. Simlaumu mhudumu kwa jina, lakini nasema wazi kwamba kuruhusiwa kwetu saa nne asubuhi kulikuwa kosa. Yeyote atakayejikuta mahali petu na aombe kwa heshima na kwa msimamo mzazi wake asiondolewe.

Kulikuwa na mambo mengine mawili. Juma moja kabla, Baba alikuwa amepewa Septrin, dawa ya kuua bakteria, kwa sababu ya maumivu ya mkojo, na dawa hiyo, hasa kwa mtu mwenye figo dhaifu, huongeza nguvu ya vidonge kama vile vyake. Sikuwahi kufikiri kwamba Septrin, ambayo hapa kwetu watu huinunua dukani kama wanavyonunua chumvi, ingeweza kugusana na kisukari. Siprofloksasini, dawa nyingine ya kuua bakteria, nayo inaweza kufanya hivyo, na kwinini, ambayo bado hutumika kwa malaria, huisukuma kongosho itoe insulini zaidi. Kwa hiyo mzee mwenye kisukari anapougua malaria na kukosa hamu ya chakula, hatari humjia kutoka pande mbili. Pombe pia, ikiwemo waragi, huzuia ini lisitengeneze glukosi mpya, ingawa hilo halikumhusu Baba.

Jambo la pili lilikuwa atenololi, dawa yake ya presha. Kutetemeka na moyo kwenda mbio ni kengele ambazo mwili hupiga sukari inaposhuka, na dawa za kundi hilo huzinyamazisha. Jasho huwa halizuiliki, na ndilo pekee lililotuonya. Hata bila dawa hiyo, kengele za mwili hufifia uzeeni, hasa kwa aliyekaa na kisukari miaka mingi, na mara nyingi kinachoonekana si njaa wala kutetemeka bali tabia: hasira isiyo na sababu, maneno yasiyoeleweka, kuyumba, kusinzia mchana. Nilikumbuka kwamba miezi miwili kabla ya hapo Baba alimfokea mjukuu wake hadi mtoto akalia, kisha baada ya chakula cha mchana akawa hakumbuki. Tulisema ni uzee. Leo naamini ilikuwa sukari. Mzee anayeamka na shuka zilizolowa, au na kichwa kinachouma, au aliyeota ndoto za kutisha usiku kucha, apimwe kabla ya kuhukumiwa kwamba akili zinamtoka. Na akili kweli zinaweza kuathirika: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliofuatilia watu 16,667 wenye kisukari cha aina ya pili, uligundua kwamba waliowahi kufikishwa hospitali kwa sababu sukari yao imeshuka walipata ugonjwa wa kusahau kwa wingi zaidi, na kadiri matukio yalivyoongezeka ndivyo hatari ilivyoongezeka.

Kilichonishangaza zaidi nilipoanza kusoma ni kwamba mambo haya hayakuwa siri. Katika orodha yake ya dawa muhimu ya mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani liliitaja gliklazidi, kidonge kingine cha kundi hilohilo, na kueleza kwamba glibenklamidi haiwafai watu wenye umri unaozidi miaka 60. Mwaka huo Baba alikuwa na miaka 66. Aliendelea kuimeza kwa miaka kumi zaidi, kwa sababu ni ya bei nafuu na hupatikana kwa urahisi, na kwa sababu kila alipokwenda kliniki kadi yake iliandikwa maneno yaleyale: aendelee. Nikiwa binti yake, nami nilifurahia neno hilo. Nilidhani maana yake ni kwamba hali ni shwari.

Wengi wetu pia tunaamini kwamba sukari ikishushwa zaidi ndivyo inavyokuwa heri. Mwaka 2008 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliohusisha watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili na hatari ya moyo, ulilazimika kusitisha mapema sehemu yake ya kuishusha sukari kwa nguvu, kwa kuwa waliotibiwa hivyo walikufa kwa wingi kuliko waliotibiwa kwa kawaida. Tangu hapo miongozo imewalegezea wazee masharti. Kwenye kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, mzee mwenye nguvu zake anaweza kulenga chini ya asilimia 7 hadi 7 na nusu. Mwenye magonjwa kadhaa anatosheka na chini ya asilimia 8. Na kwa aliye dhaifu sana, lengo ni kumwepusha na kushuka pamoja na ile kiu na mkojo mwingi wa sukari iliyopanda kupita kiasi. Nilipomwambia Baba kwamba daktari anataka sukari yake iwe juu kidogo kuliko zamani, alinitazama kana kwamba nimemtukana. Ilinichukua juma zima kumwelewesha.

Glibenklamidi iliondolewa, akaanzishiwa gliklazidi kwa kipimo kidogo asubuhi pamoja na chakula, na metformini, kidonge chake kingine cha kisukari, ikapunguzwa kwa sababu ya figo. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari hadi kiwango cha hatari. Wanaopaswa kuwa macho zaidi ni wale wa insulini na wa vidonge vinavyoisukuma kongosho. Katika nyumba yetu sasa sahani hutangulia na kidonge hufuata. Asipokula, hamezi ile ya kongosho, na tunampigia muuguzi simu. Glasi ya plastiki na soda ndogo yenye sukari hukaa kando ya kitanda chake, na pia sukari ya kawaida, vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya kukoroga katika maji, kwa maana siku nyingine soda hunywewa na wajukuu. Watoto wote wa nyumbani, hata wa miaka minane, wanajua kwamba babu akiongea mambo ya barabarani usiku asichekwe, aitiwe mtu.

Ramadhani ndiyo iliyotupa kazi ngumu zaidi. Baba hajawahi kuacha kufunga, na kwake kula mchana ni aibu mbele ya Mungu na mbele ya msikiti. Utafiti wa mwaka 2001 uliofanywa katika nchi 13 ulionyesha kwamba kushuka kwa sukari kwa kiasi cha kulazwa hospitali kuliongezeka mara saba na nusu mwezi wa Ramadhani kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Namba hiyo haikumgusa. Kilichomgusa ni imamu wetu, aliyekuja nyumbani, akaketi mkekani na kumsomea aya ya 184 ya sura ya Al-Baqara, inayomwondolea mgonjwa wajibu na kumwelekeza asiyeweza kulipa siku zake alishe maskini. Akamwambia pia kwamba kuchomwa kidole kwa ajili ya kupima hakuvunji saumu, na kwamba anayefunga kwa ruhusa ya daktari kisha akaona sukari imeshuka chini ya 70 anapaswa kufungua papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana iadhiniwe. Baba alilia kidogo. Mwaka huo tulilisha watu kwa siku zote za mwezi, naye alikuwa akiketi mlangoni kuhakikisha kwamba hakuna aliyeondoka bila kushiba.

Juma lililopita nilikuwa uani nikianua nguo, nikamsikia akiniita, si kwa sauti ya barabarani bali kwa sauti yake mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba, paji la uso limejaa jasho ingawa kulikuwa na upepo. "Binti yangu," alisema, "naona maneno yananikimbia. Lete ile soda." Tulipima, ikawa 63. Alikunywa bila kubishana, akaiweka glasi sakafuni, akanyoosha mkono wake kutazama saa, na tukangoja pamoja zile dakika 15 bila kuzungumza. Zilipotimia alinipa kidole mwenyewe. Ikawa 94, nami nikaenda kumwashia moto wa uji.